Namna ya Kujenga Ulimwengu wa Fantasia Ambamo Majukumu ya Wanawake na Wanaume Yamegeuzwa

Mwandishi anayetaka kubuni nchi ambamo wanawake ndio wenye amri mara nyingi huanza na kiti cha enzi: humweka malkia, humpa jeshi la wanawake, huwapeleka wanaume jikoni, kisha huanza kusimulia. Hadithi ya namna hiyo huchosha mapema, kwa kuwa malkia peke yake habadilishi maisha ya kaya. Theresa Ntare alikuwa mwami, yaani mtawala wa jadi, wa Heru kule Buha, mkoani Kigoma, wakati wa ukoloni, lakini Waha waliendelea kuhesabu ukoo kwa upande wa baba, na mwanamke wa kawaida aliendelea kuolewa na kuhamia kwa mume kama mama yake alivyofanya. Kwa hiyo acha kiti cha enzi kwanza, uanze na ardhi, mifugo na watoto.

Tuchukue nchi ya kubuni inayofanana na nyanda zetu za juu kusini mwa Tanzania, kati ya Njombe na Rungwe: ina baridi kali, mianzi, ulezi, migomba mabondeni na ng'ombe kwenye malisho ya juu. Jiulize maswali mawili na usiyachanganye, yaani mali inapita kwa nani, na nani anaiamulia. Waluguru wa Morogoro wanahesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo hupita huko huko, lakini mwenye sauti juu ya ardhi hiyo kwa desturi amekuwa mjomba. Ukitaka kugeuza mambo kikamilifu, binti hana budi kurithi shamba na pia kuwa yeye anayesema lilimwe nini, liazimwe kwa nani na mpaka wake uishie wapi.

Baada ya hapo amua nani anahamia kwa nani, maana jambo hili lina nguvu kuliko taji lolote. Mume anayehamia kwa mkewe anaamka kila siku katikati ya ndugu wa mke, hana kaka wa kumtetea wakigombana, na akirudi kwao anakuta dada zake wameshika mashamba yote. Unyonge wake umetokana na mahali anapolala. Ukilieleza hilo vizuri, hutalazimika kumwandika kuwa mjinga au mwoga ili msomaji aamini kwamba hana amri, na mimi nashauri kwa moyo wote usimwandike hivyo, kwa sababu dhihaka huua ulimwengu wa hadithi kabla haujasimama.

Sasa ingia kwenye mahari, ambako waandishi wengi hubadilisha tu anayelipa na kusonga mbele. Katika jamii inayohesabu ukoo kwa baba, ng'ombe wanaotolewa huwathibitisha watoto kuwa wa ukoo wa mume. Katika nchi yako watoto tayari ni wa mama, hivyo ng'ombe hawawezi kutolewa kwa sababu hiyo, na ni lazima useme wanatolewa kwa ajili ya nini. Mimi ningesema wanalipia nguvu za kijana zinazoondoka kwao. Mshenga, mama wa makamo aliyejifunga shuka nzito begani, anafika asubuhi, anasalimia "Kamwene," anakaa, anaacha kimya kipite, kisha anasema, "Wazazi wetu, tumeona shoka zuri katika boma lenu, tumekuja kuliomba." Baba wa kijana hajibu, kwa kuwa si zamu yake kusema. Anayejibu ni bibi: "Na sisi tukilitoa, kuni tutakata kwa nini?" Hapo ndipo hesabu ya ng'ombe inapoanzia.

Usisahau mkaja, ile sehemu ya mahari inayomheshimu mama kwa mimba aliyoibeba. Huwezi kuuhamishia kwa baba eti kwa kuwa kila kitu kimegeuzwa, maana mimba haikugeuka. Ama mkaja ubaki kwa mama na umwongezee hadhi juu ya ile aliyo nayo, ama ubuni heshima nyingine kwa baba aliyelea, kwa mfano blanketi la yule aliyekesha na mtoto.

Mwili, basi, ndio utakaokubana zaidi. Kama wanawake wanalima mbali na kulinda mipaka, nani ananyonyesha? Pengine mashamba yako karibu na nyumba, na akina baba hupeleka watoto mashambani mara kadhaa kwa siku. Basi chora njia hizo kwenye ramani yako. Vita navyo vina gharama yake, kwa kuwa nchi inayopoteza mamia ya wanawake vijana hupoteza pia watoto ambao wangezaliwa. Askari wanawake wa Dahomey, ufalme uliokuwa katika Benin ya leo, waliopigana na Wafaransa katika miaka ya 1890, walihesabiwa kuwa wake za mfalme na hawakuwa na familia zao wenyewe. Wewe utapanga vipi? Kama ni uchawi unaopunguza hatari ya uzazi, sema nani anaushika na unamgharimu nini, lakini usiufanye kuwa chanzo pekee cha mamlaka ya wanawake.

Historia ya kwetu ina vitu vya kugeuza vilivyo vizuri kuliko majumba ya wafalme wa Ulaya. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika, ambamo wavulana waliondoka kwa baba zao na kujenga vibanda vyao pamoja, huku wakiendelea kwenda kula kwa mama zao. Wape wasichana kijiji cha namna hiyo, wachunge ng'ombe na wajifunze kuamua mashauri wao kwa wao, na mara moja utapata urafiki, ushindani na uongozi unaokua tangu utotoni. Wakienda kula, atakayekuwa amewapikia ni baba.

Katika lugha, chagua mapema nani anaoa na nani anaolewa, kisha ushikilie uamuzi huo bila kueleza. Wahusika hawaoni ajabu katika maisha yao, na mtu wa huko hawezi kusema "mwanamke jasiri" kama vile ujasiri ungekuwa jambo geni kwa wanawake.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, andika msiba mmoja. Nani anachimba kaburi, nani anakaa ndani na wafiwa, nani anapika kwenye sufuria kubwa kule nyuma, nani anasimama kusoma wasifu wa marehemu, nani anaulizwa kuhusu madeni? Andika pia jioni ya kilabuni wakati wa masika, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa mwingi: nani anakunywa hadi giza, na nani anamsubiri nyumbani na chakula kinachopoa.

Mwisho, tafuta mgogoro ndani ya taratibu hizo hizo. Kijana mmoja ana mkono mzuri wa kilimo kuliko dada zake wote, lakini shamba haliwezi kuwa lake. Dada yake mkubwa, mrithi, anataka kwenda kufanya biashara mbali na hana hamu ya kulima. Mama yao anawapenda wote wawili na anaiamini sheria. Usimfanye yeyote kati yao kuwa mwovu, na uanze kuandika siku ambayo mama anawaita wote wawili kwenye mpaka wa shamba.