Kusafisha Picha ya Nguzo za Uumbaji kwa Data ya Hubble, Hatua kwa Hatua

Zamani ukimaliza filamu yako uliipeleka studio ikasafishwe. Fundi wa chumba cha giza ndiye aliyeamua uso wa bibi harusi uonekane au umezwe na kivuli. Picha za anga la mbali nazo husafishwa, ila siku hizi fundi ni wewe na chumba cha giza ni kompyuta yako.

Mimi sina darubini. Naishi Dar es Salaam, mtaa una taa usiku kucha, na kazi hii nimejifunza yote kwa data iliyopigwa na wengine ikaachwa wazi kwa kila mtu. Nawashauri wanaoanza wapite njia hiyohiyo hata kama darubini wanayo. Ukipiga mwenyewe na picha ikatoka mbovu, hujui tatizo ni mawingu, lenzi, umande au mkono wako. Ukianza na data ya Hubble, darubini inayozunguka dunia huko angani, yote hayo yameshatoka njiani. Kila doa utakaloliona mwishoni umelitia wewe, na hapo ndipo unapojifunza.

Tutatumia Nebula ya Tai, Messier 16, wingu la gesi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500. Katikati ya Julai, mnamo saa tano usiku, linapita karibu na utosi wetu hapa Dar. Ndani yake kuna zile Nguzo za Uumbaji, minara mirefu ya gesi na vumbi.

Hatua ya 1: Pakua faili tatu

Ingia tovuti ya ESA/Hubble (ESA ni Shirika la Anga la Ulaya), tafuta ukurasa wa mradi wa FITS Liberator, kisha data ya Nebula ya Tai. Utakuta faili tatu: 502nmos, 656nmos na 673nmos. Zikishafunguliwa, kila moja ina takriban megabaiti 10, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Pakua pia programu mbili za bure: FITS Liberator yenyewe, inayofungua faili za FITS zinazobeba data ya darubini, na GIMP ya kuhariri picha.

Namba hizo ni nanometa, yaani urefu wa wimbi la mwanga ulioruhusiwa kupita kwenye kichujio. 502 ni oksijeni, 656 ni haidrojeni, 673 ni salfa. Data hii ilipigwa tarehe 1 Aprili 1995 na Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, kwa kamera ya Hubble iliyoitwa WFPC2.

Jambo moja lilinipotezea jioni nzima. Ukifungua faili utaona kona moja imekatwa kwa umbo la ngazi. Nilidhani intaneti imenikatikia, nikapakua tena, na tena. Faili ilikuwa nzima. WFPC2 ilikuwa na kamera nne ndani yake, na moja iliona eneo dogo zaidi kwa undani mkubwa zaidi. Picha yake ikipunguzwa ili ilingane na zile tatu, robo yake haijai. Iache hivyo.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini picha ni nyeusi

Fungua 656nmos kwenye FITS Liberator. Utaona giza na vinukta vichache vya nyota. Faili haijaharibika. Kamera ya darubini huhesabu mwanga kwa uaminifu: sehemu yenye mwanga mara elfu inaandikwa namba kubwa mara elfu. Nyota zinachukua upande wa juu wote wa kipimo, na gesi tunayoitaka imebanana chini kabisa, karibu na sifuri.

Tazama histogramu, ule mchoro wa mlima chini ya picha. Mlima wote umejikunyata upande wa kushoto. Kazi yetu ni kuutandaza.

Hatua ya 3: Tandaza mwanga

Hapa usiwe na haraka. Hatua hii ikikosewa, hakuna ya mbele itakayoirekebisha.

Kwenye orodha ya njia za kutandaza chagua ArcSinh. Njia hii inainua sana sehemu hafifu na kuzibana zile kali, kwa hiyo gesi inatokea bila nyota kugeuka madoa meupe. Kisha shika vitelezi viwili vya histogramu, cha weusi na cha weupe.

Cha weusi kisogeze taratibu kulia mpaka kikaribie mguu wa mlima, kisha simama kabla hakijaugusa. Wanafunzi wengi hukipitiliza kwa sababu anga jeusi ti linapendeza macho. Lakini kila pikseli iliyo nyuma ya kitelezi hicho inakuwa sifuri, na sifuri haifufuliwi. Ukungu mwembamba unaozunguka nguzo unakaa hapohapo, kwenye mguu wa mlima. Ukiukata, nguzo zinabaki kama karatasi iliyobandikwa kwenye kitambaa cheusi.

Cha weupe kirudishe kushoto mpaka gesi ing'ae vizuri. Vitovu vya nyota vichache vikikatwa si neno. Ncha za nguzo zisikatwe.

Sasa kuza picha asilimia 200 uangalie ncha ya nguzo ndefu. Kuna vidole vidogo vimechomoza, vingine na kivimbe mwishoni. Ni mafundo ya gesi nzito yanayostahimili mwanga mkali wa nyota changa wakati gesi nyepesi inayoyazunguka inachomwa na kupeperushwa. Kila kivimbe ni kipana kuliko mfumo wetu wote wa jua. Kama huoni mpaka kati ya kidole na gesi iliyo nyuma yake, umetandaza kupita kiasi. Rudi.

Hifadhi kama TIFF ya biti 16. Biti 8 ina ngazi 256 tu za mwanga. Ukiivutavuta baadaye, anga linatoka mistari-mistari kama ukuta uliopakwa rangi vibaya. Biti 16 ina ngazi 65,536.

Rudia kwa faili mbili zilizobaki, kila moja peke yake. Oksijeni na salfa ni hafifu kuliko haidrojeni, hivyo zitahitaji kuvutwa zaidi, na chengachenga zitaonekana. Zivumilie kidogo.

Hatua ya 4: Unganisha rangi

Fungua TIFF zote tatu ndani ya GIMP. Kwenye menyu ya Colors ingia Components, kisha Compose, chagua RGB. Salfa iwe nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu.

Watu huniuliza kama huu si uongo. Kwa jicho, haidrojeni na salfa zote ni nyekundu. Ukizipaka rangi zake halisi zinachanganyikana, na huwezi kujua ipi iko wapi. Mpangilio huu unafuata utaratibu wa urefu wa wimbi, mrefu kwenye nyekundu na mfupi kwenye bluu, na unakuonyesha gesi ipi imekaa wapi. Mimi nauona ni ukweli ulioandikwa kwa wino unaosomeka. Ila ukimwonyesha mtu picha, mwambie.

Hatua ya 5: Punguza ukijani

Picha itatoka kijani kibichi, kwa kuwa haidrojeni imewazidi wenzake. Fungua Levels, chagua mkondo wa kijani, sogeza kitelezi cha kati kulia kidogo. Nenda mkondo mwekundu, hicho cha kati kisogeze kushoto. Nguzo zitaanza kupata rangi ya asali na anga la nyuma litaelekea samawati. Usiue kijani chote, maana ndiyo haidrojeni yenyewe.

Nyota nazo zitageuka zambarau. Zinang'aa kwenye vichujio vyote vitatu, na wewe umeshusha kijani na kuinua nyekundu. Ingia Hue-Saturation, chagua Magenta peke yake, punguza ukolezi wake mpaka nyota zirudi kuwa nyeupe.

Hatua ya 6: Madoa

Utaona mistari myembamba pale picha za kamera nne zilipounganishwa. Hiyo naiziba kwa Heal, kifaa cha GIMP cha kuziba madoa, kwa brashi ndogo, kwa sababu imetoka kwenye kamera. Ndani ya gesi sigusi kitu. Ukizoea kupaka-paka, siku moja utatengeneza kidole ambacho anga halina.

Hatua ya 7: Linganisha, kisha taja wenye data

Weka picha yako kando ya ile iliyotolewa mwaka 1995. Zima nyota akilini, tazama vivuli tu: wapi wao wanaona umbo na wewe una weusi mtupu? Andika jibu kwenye daftari, funga kila kitu, kesho anza upya kutoka hatua ya 2 bila kutazama mwongozo. Mimi nilirudia faili hizihizi mara nyingi kabla sijagusa nyingine.

Ukiisambaza, andika chini yake NASA, ESA, STScI, J. Hester na P. Scowen, kisha useme umeisafisha wewe.