Kuunganisha kompyuta ya zamani na televisheni mpya: somo la matundu, waya na picha

Kompyuta nyingi za mezani zinazofika kwenye meza yangu hapa Kirumba, Mwanza, ni za mtumba na hutoa picha kwa VGA, tundu la zamani la picha, ilhali televisheni za siku hizi nyingi zinapokea HDMI tu, tundu jipya la picha na sauti. Maneno ya kitaalamu nitayaeleza kadiri tunavyokutana nayo.

Kwanza, zima kompyuta na uigeuze. Tundu lenye vishimo 15 katika safu tatu, ambalo kwa kawaida ni la bluu, ni VGA, kiwango kilicholetwa na IBM mwaka 1987; lile jeupe na pana ni DVI, la mwaka 1999. Ukikuta matundu mawili ya VGA, la juu karibu na ya USB linatoka kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na la chini linatoka kwenye kadi ya picha, yaani kadi ya ziada iliyochomekwa kwa kazi ya picha. Chomeka la chini, kwa kuwa mara nyingi kompyuta ikishaiona kadi huzima lile la juu. Kuna waliopanda daladala kutoka Buzuruga wakiwa wamepakata kompyuta nzima kwa kosa hilo tu.

Pili, tafuta kigeuzi. VGA ni ya analogia, yaani hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka, na HDMI ni ya dijitali, hupeleka tarakimu. Kwa hiyo waya mtupu wenye kichwa cha VGA huku na cha HDMI kule hautaleta picha, hata muuzaji akiapa. Kigeuzi cha kweli kina saketi ndani, na mara nyingi kina waya mdogo wa USB wa kuvuta umeme pamoja na waya wa sauti, maana VGA haibebi sauti. Hakikisha kimeandikwa kuwa kinatoka VGA kwenda HDMI, kwani hakifanyi kazi kinyumenyume.

Tatu, washa televisheni, chagua HDMI, ndipo uwashe kompyuta. Maandishi ya mwanzo yakionekana, kisha skrini ikawa nyeusi mfumo endeshi, yaani programu kuu kama Windows, unapoanza, waya ni mzima. Rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, ndiyo inayokataliwa. Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mara kwa mara kabla ya nembo kutokea, chagua kuwaka kwa rezolusheni ya chini, kisha uweke 1920 kwa 1080, herts 60.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Nyuso za watu zimepanuka kama chapati.
Marahaba. Umeweka 1024 kwa 768, umbo la 4 kwa 3, na televisheni yako ni 16 kwa 9. Kadi ikishindwa 1920, weka 1280 kwa 720.

Umeme wetu ni herts 50. Hizo 60 hazitaunguza kitu?
Hapana. Hizo ni mara ambazo picha huchorwa upya kwa sekunde, na hazihusiani na umeme wa ukutani.

Video inakwamakwama. Nimeongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kutoka GB 4 hadi 8, lakini inayotumika haifiki hata 4.
Mfumo endeshi wako ni wa biti 32, yaani huhesabu nafasi za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Windows 7 ya aina hiyo haivuki GB 4, na sehemu ya nafasi hiyo huchukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Ukishahakikisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inakubali biti 64, hamishia mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha usakinishe upya Windows ya biti 64.