BIOS ya laptop kuukuu: soma maelezo kabla ya kusasisha

Laptop yako ya zamani ikikuambia kuna BIOS mpya (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows), usikimbilie kukubali. Bonyeza Windows + R, andika msinfo32, utaona toleo ulilonalo na tarehe yake. Kisha ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta modeli yako yenyewe (si inayofanana nayo), usome maelezo ya kila toleo lililofuata lako. Yakitaja tatizo linalokusumbua, mfano feni kunguruma ovyo au mashine kugoma kuamka ikilala, au yakisema toleo hilo linaziba tundu la usalama, sasisha. La sivyo iache: BIOS mpya kwa kawaida haiongezi kasi, na umeme ukikatika katikati mashine inaweza isiwake tena. Kwa hiyo betri ikishakufa, mjadala umeisha: usisasishe. Programu nyingi za kusasisha hudai chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji, na wanaotafuta ujanja wa kuzikwepa sijui wana haraka gani. Mbinu hii hukwama pale maelezo yanaposema tu “maboresho ya jumla”. Hapo mimi huacha. Ukiamua kusasisha na diski inalindwa na BitLocker (kinga ya Windows inayosimba data ya diski), sitisha kinga hiyo kwanza, maana mashine ikiwaka inaweza kukudai ufunguo wake wa kurejesha wa tarakimu 48.