Namna ya Kujiandaa kwa Kipimo cha Sukari cha Asubuhi

Mkazi wa Tanga anayetakiwa kupima sukari kabla ya kula akae kwa muda usiopungua saa 8 bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji. Kitumbua cha alfajiri, hata kimoja, huharibu kipimo.

Sababu ni homoni mbili (kemikali zinazopeleka ujumbe mwilini) za kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Baada ya mlo, insulini huziwezesha seli za misuli na mafuta kupokea glukosi, yaani sukari, kutoka kwenye damu, na huliongoza ini kuweka akiba. Usiku, insulini inapopungua, glukagoni huliamuru ini kuitoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo usikose nishati. Kipimo huonyesha jinsi homoni hizo zilivyopokezana usiku kucha.

Ukifika kwa baiskeli, kama walivyo wengi mjini humu, pumzika kwanza, kwa kuwa adrenalini, homoni inayotolewa mwili unapojitahidi, inaweza kupandisha sukari. Mtaje mhudumu dawa unazotumia, hasa za steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe mwilini). Anayejidunga insulini asifunge kabla ya kumwona daktari.

Kiwango cha milimoli 7 kwa lita au zaidi huashiria kisukari, lakini asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine.