Namna ya kuandaa mdundiko wa kujiandaa na mafuriko mtaani kwenu

Mimi nakodisha muziki, maturubai na viti huku Kigogo, Dar es Salaam, bondeni kwa Mto Msimbazi. Shughuli za uswahilini nazijua kwa ndani: kumtoa mwali, harusi, vigodoro, maulidi. Lakini shughuli ninayoipenda kuliko zote ni ile tunayoifanya mvua zikikaribia, ngoma ya mtaa mzima yenye kazi moja tu: kila mtu, kuanzia mtoto wa chekechea hadi bibi asiyeona vizuri, aijue njia ya kutoka mlangoni kwake hadi mahali pakavu. Wenzetu wa mitaa mingine wameniuliza tunafanyaje, nami nimeona niyaweke hapa yote.

Nianze na aina ya ngoma, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu wakisikia tamasha wanawaza jukwaa, msanii mwenye jina, hotuba ya mgeni rasmi. Jukwaani mtu anasikiliza, anacheza, anarudi kulala na hajui atatokea wapi maji yakija saa nane usiku. Semina za ofisi ya kata nazo zina mahudhurio ya watu wale wale. Mdundiko haungoji mtu aje. Hii ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani, na tabia yake ni kutembea: unaanza uani kwa wenye shughuli, unaingia barabarani, na kila nyumba unayoipita inatoa watu. Nani aliyekulia mji huu hajasikia habari za watoto walioufuata mdundiko hadi wakapotelea mtaa wa mbali? Nguvu hiyo hiyo ya kuvuta watu ndiyo tunayoielekeza kwenye njia ya kuokokea.

Njia kwanza, spika baadaye

Msiite hata mpiga ngoma mmoja kabla hamjaijua njia. Na njia hamwezi kuijua kama hamjaelewa maji yenu yanatoka wapi. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unakuja kwetu, unashuka Jangwani hadi baharini kwenye Daraja la Salender. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, mto unaweza kufurika hapa kwetu tukiwa tumeanika nguo. Na bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, maji ya mto yanakosa pa kutokea, yanarudi kujaa Jangwani. Kwa hiyo anayetazama wingu lililo juu ya paa lake tu hajajiandaa. Ni lazima autazame mto.

Sisi tunatumia nguzo. Mnachagua nguzo au ukuta imara unaoonekana kutoka mahali pa juu, hata usiku kwa tochi, mnapaka mistari mitatu: njano, chungwa, nyekundu. Kimo cha mistari msikikisie. Waiteni wazee waliokuwepo Desemba 2011, mvua ile iliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini na kuwahamishia wengi Mabwepande. Watawaonyesha kwa mkono maji yalipofika, nyumba kwa nyumba, na watawaambia yalianza kuingilia upande gani. Waiteni na waliokumbwa mwaka 2018, kwa sababu mto unahama, unajaa mchanga, na njia ya maji ya mwaka ule siyo ya mwaka huu. Nyekundu muiweke chini kabisa ya kimo cha hatari, pale ambapo mtoto bado anaweza kutembea hadi barabarani bila kulowa. Maji yaendayo kasi hata yakiwa sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinabeba gari. Anayengoja hadi magotini amechelewa.

Kisha tembeeni. Nendeni na mjumbe wenu wa nyumba kumi, fundi umeme wa mtaa, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo. Nendeni mchana, halafu rudieni usiku umeme ukiwa umekatika. Njia nzuri haivuki mto, haipiti kwenye karavati, haikatizi mtaro ambao ukijaa hauonekani. Katika kata nyingi za bondeni ramani zimeshachorwa na wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, zikionyesha mpaka mitaro na vichochoro. Itafuteni yenu, muichapishe kubwa, siku ya ngoma muitundike ukutani watu wajitafutie nyumba zao.

Mwisho wa njia pawe shule, msikiti, kanisa au uwanja ulio juu. Hapa kuna swali ambalo nawaomba msiliache hata kidogo: ufunguo wa geti anao nani usiku? Kama ni mlinzi peke yake, naye mvua ikinyesha hukaa mbali na geti, mna njia nzuri inayoishia kwenye kufuli. Kaeni na mwalimu mkuu au kamati ya msikiti, mkubaliane watu wawili wanaoishi jirani wawe na ufunguo, na majina yao yatangazwe kwenye ngoma.

Siku na vibali

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa vuli, tarehe 13 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Athari za Maafa, na viongozi huitikia mwaliko kwa urahisi. Lakini mimi napenda mapema kidogo, Septemba mwishoni. Kwa masika, miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na mvua, na hakuna atakayepiga ngoma ndani ya mwezi mtukufu. Basi ifanyeni wakati wa vunja jungu, siku za mwisho kabla ya mfungo. Watu wako kwenye furaha, wageni wamejaa majumbani, na mvua hazijaanza.

Kibali anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kisha polisi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa, kwa hiyo mkiingia ofisini semeni mnakuja kuisaidia kamati ifanye kazi yake. Mkishapata kibali, mwambieni shehe na mchungaji wa hapo mapema. Ngoma inyamaze kwa kila adhana.

Nyimbo ndizo somo

Wasanii wa mtaani wana kipaji kikubwa, ila ukiwaacha peke yao watakuimbia “tuwe makini, tupendane, tutunze mazingira”. Maneno mazuri, lakini hayamtoi mtu ndani. Wimbo wa kazi hii useme jambo la kufanya na mahali pa kulifanyia. Utajeni mtaa, itajeni shule, tajeni rangi ya mstari. Mdundiko una kuitikizana, na huko kuitikizana ndiko kunakowaingia watoto. Sisi tunaimba hivi:

Maji yamefika wapi? — Kwenye nyekundu!
Mtoto yuko wapi? — Mkononi!
Ndoo iko wapi? — Kichwani!
Jirani yuko wapi? — Tumemwita!
Tunaelekea wapi? — Juu, shuleni!

Mkiuimba msibadilishe mpangilio. Mtoto kwanza, ndoo baadaye, jirani kabla ya kuondoka. Watoto wetu wanauimba wakiruka kamba, na hilo ndilo ninalolitaka.

Jambo la pili ni sare. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi huziona kwenye simu na kwenye runinga bila kujua zinawataka wafanye nini. Sasa, akina mama wa huku na sare ni damu na nyama. Gaweni vikundi vitatu, kila kimoja kivae rangi yake na kiwe na ubeti wake. Wa njano wanaimba habari za kuchaji simu, kuzibua mtaro, kuandaa ndoo. Wa chungwa wanaimba kuinua magodoro na vyakula, kuwapeleka wagonjwa na wazee kwa ndugu walio juu mapema, na kutolala bila mtu wa zamu wa kutazama nguzo. Wa nyekundu wanaimba neno moja tu, ondoka, na wao ndio wanaoongoza mdundiko kutoka bondeni. Hata mtu asiyejua kusoma ataondoka pale anajua rangi ipi inamtaka nini. Kumbusheni tu kwamba mto ukigusa nyekundu kwenye nguzo, watu watoke, hata kama kwenye taarifa ya siku hiyo rangi ni njano.

Singeli iacheni mwisho, mahali pa kufikia. Vijana watangoja hapo hapo hadi mwisho kwa sababu yake.

Siku yenyewe

Genereta na spika zifungwe kule juu, siyo bondeni. Muziki ukipiga kutoka shuleni, watu wanaufuata kupanda, kama vile watakavyotakiwa kupanda siku ya shida. Nyaya zipite juu ya vichwa, wala zisilazwe chini. Njia ya gari la wagonjwa ibaki wazi, hata mwenye bodaboda asiegeshe hapo. Waombeni vijana wa Chama cha Msalaba Mwekundu waje na huduma ya kwanza.

Ishara ya kuondoka muichague kwa uangalifu. Spika haifai, kwa sababu umeme ndio wa kwanza kukatika. Ngoma ya ngozi nayo haifai. Wapigaji wanajua kwa nini wanazikanza motoni, unyevu ukiingia inalegea na sauti inakufa. Sisi tunatumia filimbi na debe: mara tatu, kimya, mara tatu. Haitumiki kwa jambo jingine lolote, na atakayeipiga kwa mzaha anaitwa kwa mjumbe siku hiyo hiyo.

Baada ya alasiri, filimbi inapigwa. Kila nyumba inatoka na ndoo yake yenye mfuniko. Ndani ya ndoo: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, leseni ya makazi au mkataba wa pango, vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji, dawa za mgonjwa wa kila siku, tochi, khanga mbili, chupa ya maji, filimbi, na karatasi yenye namba za simu za ndugu, maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba. Kabla ya kufunga mlango, mwenye nyumba anazima meni swichi na kufunga mtungi wa gesi. Hii ifanyeni kweli siku ya ngoma, msiigize. Na wafundisheni: maji yakishaingia ndani na kugusa soketi, swichi haiguswi tena, mtu anatoka tu.

Wasiojiweza wabebwe kweli pia. Kila mzee na kila mlemavu awe na majirani wawili waliotajwa kwa majina, na siku hiyo wambebe kwa kiti au bajaji hadi juu. Wapo watakaosema tunawaaibisha wazee. Kwetu bibi mmoja alifika amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge begani, anaongoza wimbo yeye, na mtaa mzima unamwitikia.

Mkifika juu, jumuisheni watu kwa nyumba kumi zao. Mjumbe aite majina. Halafu ndipo michezo ianze. Wetu maarufu ni wa ndoo: vitu vinatawanywa mezani vikichanganywa na visivyohitajika, singeli inapigwa, na mshindani apange ndoo kabla wimbo haujaisha. Mwingine ni wa kupiga simu. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112. Askari wa zimamoto anakaa na simu ya kuigiza, mtoto anapiga, naye anaulizwa: uko wapi, kuna nini, watu wangapi, unaonekana kwa alama gani? Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba mlangoni, lakini ulizeni watoto namba zao muone wangapi wanazijua. Zawadi iwe kwa anayeijua.

Msisahau maradhi yanayofuata mafuriko. Vyoo vikifurika, kipindupindu hakiko mbali. Wapeni mama lishe nafasi ya kuonyesha, siyo kueleza: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari visivyo na kilele, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mgonjwa anaanza kunywa hapo hapo huku akipelekwa kituo cha afya. Kila mtu aonje, ajue utamu wake. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imeharibika, imwagwe ichanganywe upya.

Hotuba ni moja, dakika tano, na ni ya mwenye ufunguo wa geti. Asimame aonekane sura.

Fedha hazihitaji kuwatisha. Vikoba vya akina mama vikichangia, mwenye muziki akitoa kwa bei ya mafuta, na wauza chakula wakilipia nafasi kidogo, inatosha. Wafadhili wakitaka bango lao, wapeni nafasi kwenye ndoo, ndoo ambayo familia itabaki nayo.

Kesho yake asubuhi, chukueni watoto watano wa mitaa tofauti, muwaambie: “Tupelekeni shuleni kwa njia ya jana.” Mtembee nyuma yao kimya. Pale mtoto anaposita, anapogeukia kichochoro kisicho chake, andikeni. Hapo ndipo mdundiko ujao utasimama na kuimba zaidi. Kisha nendeni na mjumbe kwa kila nyumba ambayo haikutoka, muulize kwa upole kwa nini. Mara nyingi mtakuta mgonjwa ambaye hakuwa kwenye orodha. Jina lake na majina ya majirani wake wawili yaingie daftarini siku hiyo hiyo.