Kalsiamu inapopanda kwa mgonjwa wa saratani ya tishu laini: mwongozo kwa anayemuuguza

Saratani ya tishu laini, yaani ile inayoanzia kwenye misuli, mafuta au mishipa, ni nadra kupandisha kalsiamu katika damu, na kwa hiyo wauguzaji wengi wa nyumbani hawajawahi kutahadharishwa. Inapotokea, mara nyingi uvimbe wenyewe huwa unatoa protini inayoiga homoni ya parathairoidi (homoni ya mwili inayodhibiti kalsiamu), ikailazimisha mifupa kuachia kalsiamu huku figo zikizuiwa kuitoa kwa mkojo.

Anza kwa kuangalia dalili: kiu isiyokatika, mkojo mwingi, choo kigumu, kichefuchefu, usingizi mzito na kuchanganyikiwa. Hapa ndipo kosa hutokea. Kwa kuwa choo kigumu na usingizi huletwa pia na mofini, dawa kali ya maumivu, dawa hulaumiwa, dozi ikapunguzwa, na mgonjwa akabaki na maumivu makali ilhali chanzo hakijaguswa. Kiu kali na mkojo mwingi si kawaida ya mofini. Ukiona dalili hizi pamoja, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, wala usingoje tarehe ya kliniki.

Omba apimwe kalsiamu, albumini (protini ya damu inayobeba sehemu ya kalsiamu), figo na sukari. Kiwango cha kawaida cha kalsiamu ni takribani milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita, lakini kwa mgonjwa aliyedhoofu namba hiyo hudanganya: kwa kila gramu ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita, madaktari huongeza 0.02. Mwenye kalsiamu 2.5 na albumini 25 kwa kweli ana 2.8.

Mwonyeshe daktari dawa zote anazotumia, hasa vidonge vya kalsiamu, vitamini D, vidonge vya kutafuna vya kiungulia na dawa za presha zinazoongeza mkojo. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe maji njiani.

Hospitalini hutangulia dripu ya maji ya chumvi, kisha, figo zikiruhusu, asidi ya zoledroniki, dawa inayozuia mifupa kuachia kalsiamu, miligramu 4 kwa muda usiopungua dakika 15. Dawa hii huchukua siku mbili hadi nne kuonyesha nguvu, basi familia isikate tamaa asubuhi ya pili. Kalsiamu itapanda tena iwapo saratani yenyewe haitibiwi, hivyo uliza lini kipimo kitarudiwa. Baada ya dawa, ganzi ya midomo au vidole na kukakamaa kwa misuli huashiria kwamba sasa kalsiamu imeshuka mno. Hilo nalo ni la kurudi hospitali mara moja.