Ukiona "wanasayansi wamegundua", soma hivi kabla hujafowadi

Mama mdogo alinitumia meseji saa tano usiku, herufi kubwa tupu, eti saratani imepata dawa, vikatuni vya kushangilia vimejaa hadi chini. Nikafungua linki nikasoma mpaka aya ya saba huko ndo nakuta neno lenyewe: panya. Nikacheka kidogo afu nikajisikia vibaya maana na mimi nishafowadi vitu vya hivo si mara moja. Sasa nina namna yangu ya kusoma hizi habari, haichukui hata dakika kumi, na haihitaji uwe daktari.

Anza kwa kutafuta walijaribu kwa nani. Mara nyingi kichwa cha habari hakisemi, inabidi ushuke chini. Kama ni seli kwenye kisahani cha maabara, tulia, hata dawa ya kutoa madoa kwenye nguo ukiimwaga pale inaua seli za saratani, ila hakuna atakayekwambia uinywe. Kama ni panya, tulia pia. Na hata ikifika kwa binadamu safari bado, katika kila dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa watu karibu 9 zinakwama njiani, nyingine hazifanyi kazi nyingine zina madhara. Awamu ya kwanza huwa ni watu wachache na swali kubwa ni usalama, awamu ya tatu ndo wanakuwa mamia mpaka maelfu, kwahiyo tafuta hilo neno "awamu" na namba yake.

Hapa pa pili ndo wengi tunapigwa, asilimia. Ukisoma "inaongeza hatari kwa asilimia kadhaa" uliza hapohapo: asilimia ya ngapi? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema kula gramu 50 za nyama za kusindikwa kila siku, yaani soseji, bekoni na wenzake, kunaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Watu wakaelewa kwamba walaji 18 katika 100 wataugua. Sivyo kabisa. Chukua karatasi tupige hesabu: tuseme katika watu 100 wasiokula hizo nyama, 5 wangeipata katika maisha yao yote. Asilimia 18 ya 5 ni 0.9, kwahiyo wakila kila siku 5 inakuwa karibu 6. Mtu mmoja zaidi katika mia. Ni kitu cha kuzingatia ndio, ila si kile kilichokutoa jasho uliposoma kichwa cha habari. Na wale waliosema "soseji sawa na sigara" kwa sababu shirika hilo limeziweka kundi moja la vitu vinavyosababisha saratani walikosea, lile kundi linaonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani, halipimi hatari ni kubwa kiasi gani.

Msidhani ni ubishi wa namba tu. Mwaka 1995 Uingereza ilitangazwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda, na ni kweli, ilitoka kama mwanamke 1 katika 7,000 ikawa 2 katika 7,000. Lakini watu walisikia "mara mbili" tu, wanawake wengi wakaacha vidonge ghafla, mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba vikapanda. Na ujauzito wenyewe unaleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vile vidonge walivyovikimbia! Hii stori huwa inaniuma sana.

Tatu, angalia walilinganisha na nani. Wanaokula matunda na mboga kwa wingi walionekana kuugua saratani ya mapafu mara chache zaidi, watu wakahisi ni beta-karotini, kirutubisho cha kwenye karoti, inayowakinga, basi wavuta sigara zaidi ya 29,000 kule Finland wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vidonge vyake wengine wasipewe. Majibu yalipotoka 1994, waliopewa ndo waliougua zaidi. Kwahiyo "wanaofanya hivi huwa na afya nzuri" haitoshi, kagua kama watu waligawanywa kwa bahati nasibu.

Ukitaka kuona habari inayofaulu maswali yote, chukua sindano ya lenacapavir ya kuzuia VVU, ile inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Majibu ya 2024: wasichana na wanawake vijana Afrika Kusini na Uganda, 2,134 walichomwa sindano, aliyeambukizwa hakuna hata mmoja. Kundi la vidonge vya kila siku lilikuwa na 1,068, wakaambukizwa 16. Unaona? Watu wako wengi, kundi la kulinganisha lipo, hesabu ni ya vichwa vya watu kabla hata ya asilimia. Hiyo nilimfowadia mama mdogo mimi mwenyewe.

Mwisho, tafuta utafiti wenyewe. Chukua jina lake liweke PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za afya, ni bure, soma ule muhtasari wa juu hata kama nusu yake huelewi, namba za washiriki huwa zipo. Ikiandikwa ni andiko la awali maana yake wataalamu wengine hawajaukagua bado. Shuka pia uone nani alilipia. Na kama umefutwa huwa wanaandika juu kabisa kwa herufi za kuonekana, kama ule wa Wakefield, daktari wa Uingereza, wa 1998 uliohusisha chanjo ya surua na usonji, watoto 12 tu, jarida la The Lancet likaufuta 2010, na hadi leo kuna mtu kwenye grupu lenu ataurusha.